Radhi Aliyoomba Athman

Siku ya tatu baada ya Athman mshona makubadhi kutolewa kisimani, mji mzima wa Siyu ulikuwa umeshajua namna alivyokufa, isipokuwa mkewe. Wauza samaki walijua. Wanawake wanaosuka ukili walijua. Hata wale ambao hawakuwa wakimpa Athman salamu ila wakikatikiwa na ukanda wa kiatu, nao walijua, tena kwa undani, utadhani walikuwa wameketi pale kisimani wakimtazama. Mwanamkisi peke yake, aliyelala na mtu yule kitanda kimoja tangu wote wawili hawajaota mvi, ndiye aliyekuwa hajui.

Yaliyojulikana kwa hakika yalikuwa machache. Asubuhi moja ya mwisho wa mwezi wa Shaaban, Athman alichukua ndoo akaenda kuteka maji ya kurowekea ngozi, kwenye kisima cha shambani, kile cha njia ya Mbwajumali. Adhuhuri ikaingia hajarudi. Waliomfuata walikuta makubadhi yake kando ya kisima, yamewekwa moja ubavuni mwa jingine kama yawekwavyo mlangoni mwa msikiti. Mwenyewe alikuwa ndani ya maji, na ndoo iko naye. Mvua za vuli zilikuwa hazijakatika, na ukingo wa kisima kile, kila mtu wa Siyu anaujua, hutelezesha hata mbuzi.

Basi chagua. Aliyeteleza hakupanga viatu kwanza. Lakini aliyekwenda kufa alikuwa na haja gani na ndoo? Lakini tena, mtu aliyeishi kwa ngozi, anayejua maji yanavyoiharibu, atakanyaga tope na makubadhi mapya aliyojishonea kwa ajili ya Idi? Ungeweza kuligeuza jambo hili tangu asubuhi mpaka jioni, na jioni ikukute pale pale. Watu wa Siyu hawakuligeuza. Waliona viatu, wakaona yatosha.

Kisha likaja la radhi, na hilo ndilo lililommaliza Athman mbele ya watu. Siku ya kwanza ya msiba, Mwanamkisi akiwa hajitambui kama ameketi au amelala, wifi yake Khairiya, dada wa Athman, alimwuliza neno la mwisho alilosema nduguye. Mwanamkisi akamwambia, tena kwa fahari, maana lilikuwa jambo jema la kumsemea maiti.

"Alisimama mlangoni akanambia, Mwanamkisi, niwie radhi. Nami nikamwambia, nimekuwia, duniani na akhera."

Khairiya akalia, akajifuta kwa pembe ya leso, akatoka na neno lile. Alasiri lilikuwa limeshafika msikitini. Magharibi lilikuwa limesharudi, limevaa nguo nyingine: Athman alimuaga mkewe. Athman aliomba radhi ya kufa.

Jamani! Mwisho wa Shaaban! Mji gani wa pwani hii usioombana radhi mwisho wa Shaaban? Kila mwaka mfungo ukikaribia, watu hutoka nyumba hata nyumba, mkubwa kwa mdogo, jirani kwa jirani, mke na mkewenza, niwie radhi, na jibu ni moja tu, nimekuwia. Wala radhi haiulizwi ya nini. Ndiyo heshima yake hiyo: anayeomba halazimiki kujifunua, na anayetoa halazimiki kupekua. Wiki ile ile aliiomba Hamdun, kaka mkubwa wa Athman. Aliiomba Mwalimu Husseini, imamu wa msikiti, mbele ya safu zote. Khairiya mwenyewe aliomba na kuombwa mpaka sauti ikamkauka. Wote hao hakuna aliyesemwa kwamba anajitayarisha kujitupa. Athman peke yake, kwa kuwa alikufa na hawezi kujibu, ndiye ambaye radhi yake iligeuzwa ushahidi.

Siku ya maziko, kichwa kilimuuma Mwalimu Husseini. Kilimshika adhuhuri na kikamwachilia alasiri, jeneza likiwa limeshapita. Sala akasalisha mtu mwingine, safu mbili, na ya pili haikujaa. Ama hitima ya msikitini, ile ambayo kila Mwislamu wa Siyu husomewa akifa, mwema kwa mwovu, Mwalimu alisema ingoje mpaka jambo libainike. Libainike kwa nani? Aliyekuwa akilijua alikuwa ameshafukiwa.

Hilo la hitima ndilo lililomkaa Mwanamkisi kooni. Njaa angeivumilia, na katika upweke ana Mungu. Lakini mumewe, aliyewavisha viatu watu wale wale, alikuwa ameachwa chini ya mchanga bila hata mtu mmoja kufungua juzuu kwa ajili yake msikitini, na kila Ijumaa iliyopita ilikuwa ni sawa na kumzika tena bila sala.

Katika Ramadhani akaja askari kutoka kituo cha Faza, Mkristo wa bara, Koplo Wanyama, mtu mrefu aliyelazimika kuinama mlangoni. Mwanamkisi alikuwa katika eda, kwa hiyo walisema naye pazia likiwa kati yao, na Khairiya ameketi upande wa ndani kama desturi inavyotaka.

"Pole sana, mama," Wanyama alisema. "Nimetumwa niulize tu. Watu huko nje wanasema mzee alijitupa."

"Nawe wasemaje?"

Labda Wanyama hakuwahi kuulizwa. "Mimi nimeenda pale kisimani. Nimesimama mahali alisimama, na buti langu likateleza, karibu niende mimi pia. Tena nimeonyeshwa pale viatu vilikuwa. Sijui, mama. Na mtu akikuambia yeye anajua, huyo anakudanganya."

Mwanamkisi alilia siku ile kuliko siku ya maziko. Katika mji wenye misikiti, wanazuoni na watu wa ukoo, mtu wa kwanza kusema "sijui" alikuwa mgeni asiyejua hata Athman alikuwa na sura gani! Na watu wakafanyaje? Walimwona askari akitoka nyumba ile, wakatazamana. Serikali haimtembelei mtu bure, walisema. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii nayo, aliyeitunga hakupata kusingiziwa.

Katika eda mjane hatoki, hapaki wanja, hatii asumini kichwani. Lakini sheria haikumziba masikio. Nyumba ya Mwanamkisi ilikuwa juu ya kichochoro, na kila aliyepita chini ya dirisha alipita na chake. Huyu kasema Athman alikuwa na deni. Yule kasema alikuwa na mwanamke. Mwingine, ambaye Mwanamkisi alimfahamu kwa kikohozi chake, alisema mke ndiye aliyemtia mtu yule wazimu. Angeweza kufungua dirisha akawamwagia maji ya mchele. Alikaa, akauma kanga yake.

Na lililomchoma zaidi ni kwamba hakuwa na la kuwajibu. Laiti angekuwa na hakika! Angepiga kelele mpaka wamsikie Pate. Lakini alikuwa na mawili, na kila moja lilimkaba mwenzake.

La kwanza lilikuwa hili. Mwaka ule, wa pili tangu bendera mpya kupandishwa, kandambili za mpira zilikuwa zimeingia madukani, na watu wa Siyu, mji uliosifiwa kwa kazi ya ngozi tangu mababu, wakaanza kutembea na mpira miguuni bila haya. Athman akawa anaketi barazani na sindano yake, ngozi mapajani, hasemi. Alipungua kula. Alasiri moja alimwuliza mkewe, bila kuinua uso, "Mwanamkisi, mtu huweza kutoka na nafsi yake, asiitake tena?"

"Toka kwanda na ngozi yako hiyo inukayo, uitoe ndani kwangu," alimjibu, na wote wawili wakacheka. Baadaye alilirudia swali lile mara nyingi, kila mara akiwa na jibu jema zaidi, wakati hakuna wa kumpa.

La pili ni la asubuhi ile ile ya kisima. Athman aliomba radhi, akapewa, akashuka ngazi mbili, kisha akarudi akachungulia tena mlangoni. "Ukoko usimpe paka," alisema. "Niwekee." Akaenda zake. Ukoko wa wali wa jana, mwenye kutaka kufa anauagizia wa nini? Mwanamkisi aliuweka. Ulikauka ndani ya sufuria mpaka Khairiya akaja akausugua bila kuuliza, na siku ile Mwanamkisi alimtupia wifi yake mwiko.

Basi akiamka na lile swali la barazani, Athman alikuwa amejitupa. Akiamka na ukoko, alikuwa ameteleza. Siku nyingine alimzika mara mbili kabla ya kifungua kinywa. Alimkasirikia hata yeye. Ungalisema, Athman! Ulikuwa na ulimi wa kuagizia ukoko, ulishindwa kuutumia kwa mengine? Kisha humwonea huruma, kisha hujionea haya, kisha huko chini dirishani mtu hupita na chake, na hasira zote hugeukia huko, ambako zilikuwa na haki ya kwenda.

Miezi minne na siku kumi za eda zilikuwa zikielekea ukingoni Hamdun alipokuja. Hamdun hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu arobaini. Alikuja baada ya alasiri pamoja na Mwalimu Husseini, na Mwalimu alikuwa amepakata Msahafu ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Wakaketi upande wa nje wa pazia. Khairiya akawaletea kahawa, akarudi kuketi na wifi yake.

"Shemeji," Hamdun alisema, "tumekuya kwa kheri. Jambo hili tulimalize yeo."

"Jambo gani?"

"La marehemu. Mwalimu ameona ndia. Utashika Msahafu, uape kwamba Athman hakukwambia neno la kuiua, la kuitoa roho mwenyewe, wala hukuona dalili. Ukisha kuapa, hitima isomwe msikitini, na mui wote wa Siyu unyamae."

Mwanamkisi alijikuta amesimama. Hitima! Neno alilolisubiri tangu Shaaban lilikuwa limekuja mpaka mlangoni, na lilitaka kiapo kimoja tu.

"Na kama niliona?" aliuliza.

Kikombe kiligonga sahani huko nje. "Uliona?" Mwalimu Husseini alisema polepole.

"Siyui nilichoona."

"Shemeji, apa tu," Hamdun alisema, na sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayemvuta mbuzi. "Neno moya. Ni mumeo huyu. Na mimi nina mtoto wa kike, wamekuya watu kumposa kutoka Faza, sasa wanarudi nyuma, wasema ukoo huu una..." Hakumaliza.

Ndipo Mwanamkisi alipoelewa kwa nini ndugu huyu alikuwa amekumbuka leo kwamba alizaliwa na Athman tumbo moja.

"Apa tu!" alisema. "Nyinyi mumempeleka mume wangu motoni kwa viatu viwili na neno moya la radhi, na hapana aliyeapa. Mimi nimtoe, ndiyo niape? Nani kati yenu aliyeshika Msahafu kabla ya kusema Athman ameiua? Wewe, Hamdun, uliapa?"

"Mimi sikusema..."

"Ulisema. Ulipita ndia hii chini ya dirisha langu ukasema, na mimi nikakusikia, na sauti yako naiyua."

Khairiya alimshika mkono. Mwanamkisi akauchomoa.

"Nami nitawambia kweli, kwa kuwa hamuizoei. Siyui. Mimi niliyelala naye siyui. Nina neno lanambia aliteleza, na neno lanambia hakuteleza, na yote mawili aliyasema yeye. Nikiapa hakuniambia kitu, nimeapa uwongo juu ya kitabu cha Mngu ili mtoto wa Hamdun aolewe. Nikisema aliniambia, mutamfukua. Siapi."

"Basi na hitima ikae," Hamdun alisema, akainuka.

"Ngoja. Sijakwisha." Alisogea mpaka pazia likamgusa uso. "Mwalimu Husseini. Athman alikuja kwako Shaaban ile kukuomba radhi?"

"Alikuya," Mwalimu alisema.

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia nimekuwia. Duniani na akhera."

"Ulimwuliza radhi ya nini?"

"Radhi haiulizwi ya nini," Mwalimu alisema.

"Basi ulimpa yote. Ya kuteleza ulimpa, na ya kutoteleza ulimpa. Wewe ulimpa, na huyu nduguye alimpa, na Khairiya alimpa, na mui wote wa Siyu ulimpa, hapana hata mmoja aliyembania. Mimi yangu iko pale pale, sijaitwaa. Nyinyi mumeitwaa lini yenu? Nambieni. Ilikuwa kabla hajazikwa, au mulingoja afukiwe ili asiwaone?"

Hamdun alisema kwamba mwanamke huyu eda imempanda kichwani. Mwalimu Husseini alikuwa mtu mwoga, hilo Siyu nzima walijua. Aliogopa wazee, aliogopa maneno, na ile siku ya maziko aliogopa kusimama mbele ya jeneza watu wakamsema. Lakini mwongo hakuwa. Walimsikia akiurudisha Msahafu katika mfuko wake na kuufunga uzi.

"Hitima itasomwa Ijumaa," alisema.

"Bila kiapo?" Hamdun alishtuka.

"Bila kiapo. Mimi sikumwuliza yeye, nitamwulizaje mkewe?"

Ijumaa ile ikasomwa. Msikiti haukujaa, tusidanganyane. Wako waliokumbuka shughuli za shamba, na Hamdun alikuwa amesafiri kwenda Amu asubuhi yake. Lakini majuzuu thelathini yalifunguliwa yote, na aliyemaliza lake mapema alichukua la asiyekuwapo. Mwanamkisi aliyasikia akiwa ndani, dirisha wazi kwa mara ya kwanza, na hakujali nani anapita. Usiku alilala. Kulipokucha alikuwa bado hajui alivyokufa mumewe, na akaelewa kwamba hatajua kesho wala kesho kutwa, na kwamba kutojua huko ni kwake, si kwa mji, na mji hauna ruhusa ya kutia mkono humo.

Mwaka ukazunguka, na Shaaban ikarudi. Mwanamkisi alikuwa ametoka eda zamani, anasuka mikeka kwenye baraza aliyokuwa akiketi Athman. Watu wakaanza kupita nyumba hata nyumba, nyuso zimekunjuliwa, kama inavyotakiwa. Wa kwanza kuja alikuwa Khairiya.

"Wifi," alisema, "niwie radhi."

Mwanamkisi aliweka ukili chini. "Ya nini?"

Khairiya alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Kisha akaona si mzaha. "Radhi haiulizwi ya nini, Mwanamkisi! Mwalimu alisema mwenyewe mbele yako."

"Haulizwi aliyekufa. Athman simuulizi, hawezi kunijibu. Wewe u hai, una ulimi, na ulimi wako wautumia vyema. Ya nini?"

Khairiya alitazama kichochoro juu na chini, akakaa kitako barazani, karibu aikalie mikeka. "Ya neno la ndugu yangu," alisema. "Ulinipa kwa mapenzi, nikalitoa nde, kwa watu. Nililitoa nikilia, Wallahi, sikuyua litafanywa nini. Lakini lilipogeuzwa niliyua, na nikanyamaa."

"Nimekuwia," Mwanamkisi alisema. "Duniani na akhera." Akamsogezea mkeka aketi vizuri, na wakalia pamoja kama walivyopaswa kulia mwaka uliopita.

Habari hukimbia Siyu, na hii ilikimbia. Jioni mji mzima ulikuwa unajua kwamba mke wa Athman anauliza ya nini. Wasiokuwa na kitu walikuja, wakaulizwa, wakacheka, wakasema labda ya kuku wangu aliyekula mchele wako, wakapewa. Mwalimu Husseini alikuja mchana kweupe, akasimama, akasema, "Ya kichwa kisichouma," naye akapewa. Waliobaki walitafuta njia nyingine ya kwendea msikitini, ingawa kila anayeijua Siyu anajua kwamba njia hiyo ni ya mzunguko na ina tope.

Hamdun hakuwa mtu wa kuingia tope. Siku ya mwisho ya Shaaban, magharibi ikikaribia, Mwanamkisi alisikia makubadhi yanakuja kichochoroni, na akayajua kabla hajainua uso, maana Athman alimshonea kaka yake kwa ngozi ngumu ambayo mpaka leo ilikuwa ikilia kwa kila hatua. Yalikuja yakilia. Alishika ukili, akangoja. Yalipofika mbele ya baraza yaliongeza mwendo, yakapita.